Kwenda au Kutoka? Picha ya Cythera ya Watteau na Tatizo la Jina Lake

Tarehe 28 Agosti 1717, Akademia ya Kifalme ya Uchoraji na Uchongaji mjini Paris ilipokea picha iliyoletwa na Antoine Watteau ili akubaliwe kuwa mwanachama kamili. Karani akaliandika jina la picha hiyo katika kitabu cha kumbukumbu: hija ya kisiwa cha Cythera. Kisha maneno hayo yakapigwa mstari, na mahali pake pakaandikwa mengine, une feste galante, ambayo kwa sasa tutayafasiri kwa 'tafrija ya kiungwana', tukijua kwamba tafsiri hiyo ina matatizo ambayo hatuna budi kuyarudia. Picha yenyewe imo leo katika jumba la Louvre. Ina kimo cha sentimita 129 na upana wa sentimita 194. Wahakiki wameisifu, wameidharau, wameisahau, wakaisifu tena. Na tangu 1961 wamekuwa wakibishana juu ya swali ambalo hata mtoto angeliuliza: watu hawa wanakwenda Cythera au wanatoka?

Makala haya yanadai kwamba swali hilo, jinsi linavyoulizwa, limezaliwa na majina ya picha zaidi ya picha yenyewe. Na kwamba msomi aliyezoea sarufi ya Kiswahili anayo nafasi njema ya kuliona jambo hili, pengine njema kuliko wale waliolianzisha. Yamkini msomaji atauliza picha ya Kifaransa ya karne ya 18 yatafuta nini katika jarida la lugha za Kiafrika. Jibu letu ni fupi. Waraka ulioandikwa mwaka 1968 na Ngũgĩ, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba katika Chuo Kikuu cha Nairobi ulidai Afrika iwekwe katikati ya masomo ya fasihi, na tamaduni nyingine zitazamwe kutoka hapo. Haukudai tufumbe macho. Kutazama kutoka hapa ndiko tunakokusudia kufanya.

Tuanze na kile kionekanacho. Upande wa kulia, chini ya miti mirefu, iko sanamu ya Venus, mungu wa mapenzi wa Warumi. Ni kichwa na kiwiliwili tu juu ya nguzo, bila mikono, nayo imezungushiwa waridi. Upinde na podo la mishale vimetundikwa hapo. Karibu na sanamu wameketi mwanamke na mwanamume. Mwanamke ameinamisha macho, upepeo mkononi. Mwanamume anamsemesha kwa karibu sana. Mtoto mdogo, ambaye ni Kupido mwenyewe, ameketi juu ya podo lake na kulivuta vazi la mwanamke, kama mtoto anayetaka kuondoka mahali ambapo wakubwa wamezidisha mazungumzo. Kushoto kwao mwanamume wa pili amemshika mwanamke mikono yote miwili, anamwinua kutoka chini. Kushoto zaidi, juu kabisa ya mwinuko, mwanamume wa tatu ameshika bakora ya msafiri na mkono wake mwingine umezunguka kiuno cha mwenzake. Miguu yao na kijibwa chao vimeelekea mteremkoni. Lakini yule mwanamke amegeuka. Anawatazama wale walioachwa nyuma. Baada yao ardhi yateremka, na huko chini kundi jingine, lenye kicheko na vishindo zaidi, linakisogelea chombo kilichotiwa dhahabu ambacho wapiga makasia wawili, nusu uchi, wanakitayarisha. Vitoto vyenye mabawa vinazunguka hewani. Nyuma ya yote hayo ni maji, milima ya buluu, na ukungu ambao hauonyeshi ufuko wowote wa upande wa pili.

Mchoraji wa picha hii hakuwa mmoja wa watu hao. Alizaliwa Valenciennes mwaka 1684, mwana wa mwezekaji wa mapaa, katika mji wa Kiflandri uliokuwa umetiwa mikononi mwa Ufaransa kwa mkataba wa 1678. Alipofika Paris alianza kwa kunakili picha za bei rahisi kwa ujira mdogo. Akafanya kazi kwa Claude Gillot, aliyechora mandhari ya michezo ya kuigiza, kisha kwa Claude Audran, mtunzaji wa kasri la Luxembourg, na humo akazitazama kwa kitambo picha kubwa za Rubens. Akademia ilimkubali kwa hatua ya kwanza mwaka 1712, na kinyume cha desturi ikamwachia achague mwenyewe mada ya picha ya kuingilia. Ilimbidi imkumbushe mara kadhaa. Alichukua miaka mitano. Miaka minne baada ya kuipeleka alifariki, umri wake miaka 36, kwa maradhi ya kifua.

Katika miaka hiyo mitano mambo mengi yalibadilika. Louis wa 14 alifariki tarehe 1 Septemba 1715. Baraza likahama Versailles, na chini ya Philippe wa Orléans, aliyeshika hatamu kwa niaba ya mfalme mtoto, wakubwa wakarudi Paris kwenye nyumba zao na bustani zao. Waigizaji wa Kiitalia, waliofukuzwa 1697, waliitwa tena 1716. Tapo la rokoko, yaani sanaa ya mistari iliyopinda, rangi nyepesi na starehe za faragha, lilikua katika hali hiyo. Hadithi ya mahujaji wa Cythera haikubuniwa na Watteau: ilikuwamo jukwaani, mathalani katika mchezo wa Dancourt wa mwaka 1700 uitwao Les Trois Cousines, ambamo wahusika huvaa majoho ya mahujaji na kualikana kwenda kwenye hekalu la mapenzi. Kwa hiyo watazamaji wa 1717 walizijua bakora hizi, makombe haya na vibuyu hivi. Walijua pia kwamba kombe ni alama ya mahujaji wa Santiago na wakati huo huo ni chombo cha Venus aliyezaliwa baharini. Mzaha ulikuwa tayari.

Sasa tuje kwenye mabishano. Kwa muda mrefu ilichukuliwa bila shaka kwamba watu hawa wanaanza safari. Mchongaji Rodin, katika mazungumzo yake yaliyochapishwa 1911, aliisoma picha kutoka kulia kwenda kushoto kama mchezo wa kuigiza: wale wawili wa kwanza bado wanasitasita, wa pili wamekubali, wa tatu wameshika njia, na wa chini wanaharakia chombo. Kwa usomaji wake jozi zote tatu ni kama jozi moja iliyoonyeshwa katika nyakati tatu. Ni usomaji mzuri, nasi tutaurudia. Mwaka 1961 Michael Levey aliupinga msingi wake. Sanamu ya Venus, alisema, iko ufukoni hapa, si ng'ambo. Imekwisha kupambwa kwa waridi, yaani nadhiri zimekwisha kutolewa. Kila mtu ana mwenzake. Basi hapa ndipo Cythera penyewe, siku inakwisha, na watu wanarudi makwao. Yule mwanamke anayegeuka haagi wenzake, anakiaga kisiwa.

Hoja ya Levey ina nguvu, na aliyewahi kusimama mbele ya picha hii hawezi kuidharau. Mimi niliiona nilipokuwa masomoni ng'ambo, na mwanga wake ulionekana kwangu mwanga wa jioni, si wa asubuhi. Lakini kwa upande mwingine bustani za wakubwa wa Ufaransa zilijaa sanamu za Venus, na hakuna aliyehitaji kuvuka bahari ili kuipamba moja kwa maua. Vitoto vyenye mabawa vyaweza kuwa vimekuja kuwachukua wasafiri kama ambavyo vyaweza kuwa vinawasindikiza. Baada ya zaidi ya nusu karne ya mabishano kila upande umebaki na ushahidi wake, na ushahidi wenyewe ni ule ule.

Mahali hapa ndipo inapofaa kuyatazama majina. Jina ambalo umma uliizoea kuliita picha hii, 'Kupanda Chombo kwenda Cythera', halikutoka Akademia. Watteau alichora toleo la pili kwa mikono yake, ambalo kwanza lilimilikiwa na rafiki yake Jean de Jullienne na sasa limo katika kasri la Charlottenburg mjini Berlin. Toleo hilo lina watu wengi zaidi na vitoto vyenye mabawa chungu nzima vinavyopanda mlingoti, na Venus wake ni sanamu kamili. Kwa maoni yangu ni kazi ya chini kuliko ile ya kwanza, kwa sababu inasema kwa sauti kubwa yale ambayo ya kwanza inayanong'ona. Ni toleo hilo la pili ambalo Tardieu alilichonga katika bamba la shaba mwaka 1733, na ni chapa hiyo iliyobeba jina lenye kihusishi pour, kihusishi cha kuelekea. Jina likasafiri kutoka chapa hadi picha ya Louvre, na watu wakaanza kuona kile walichokuwa wamekwisha kukisoma. Karani wa 1717 aliandika kihusishi à, ambacho kwa Kifaransa chaweza kuashiria kuelekea mahali na chaweza kuashiria kuwapo mahali. Kisha hata hicho kikafutwa.

Mwanafunzi wa Kiswahili hashangai. Twasema yuko kisiwani, amekwenda kisiwani, ametoka kisiwani. Nomino haibadiliki, wala kiambishi -ni hakituambii lolote juu ya uelekeo. Uelekeo umo katika kitenzi. Kihusishi cha -a nacho ni hivyo hivyo. Mtu akisimama katika stendi ya Nairobi na kusema kwamba basi la Kisumu limechelewa, hatujui kama anangoja kusafiri au anangoja mgeni, mpaka atupe kitenzi. Hakuna anayedai kwamba usemi huo una kasoro. Umetaja uhusiano baina ya basi na mji, ukauacha mwendo usemwe na neno linalohusika.

Picha haina kitenzi kilichotamkwa. Lessing alikwisha kutukumbusha mwaka 1766 kwamba uchoraji ni sanaa ya mahali na ushairi ni sanaa ya wakati, na kwamba mchoraji anayo nukta moja tu ya kuonyesha. Watu wa picha hii wamehusishwa na kisiwa cha Cythera kama basi lile lilivyohusishwa na Kisumu. Waliolazimisha uelekeo ni wale waliotia kitenzi jinani, na Levey, kwa werevu wake wote, hakukiondoa kitenzi hicho, alikipindua tu. Badala ya kwenda akaweka kutoka.

Je, picha haina wakati kabisa? Hapana, na hapa ndipo usomaji wa Rodin unapotufaa, ingawa si kwa namna aliyoikusudia. Rodin aliisoma picha kwa -ka-, kiambishi cha masimulizi tunachokifundisha kila mwaka: akaketi, akainuka, akashika njia. Tukio lamfuata tukio jingine, na kila moja hulifunga lililotangulia. Usomaji huo unakwenda vizuri hadi kwenye jozi ya tatu, kisha unakwama, kwa sababu -ka- haitazami nyuma. Mwanamke aliyesimama juu ya mwinuko ndiye kilele cha mpangilio wote, ndiye aliyewekwa pale ambapo mstari wa vichwa hufikia kimo chake kabla ya kushuka. Naye anaharibu masimulizi. Uso wake unaturudisha kwa mwanamke wa upepeo, ambaye angepaswa kuwa amekwisha kupita.

Kiambishi kinachoifaa picha hii ni -ki-, kile cha tendo linaloendelea wakati jingine linatendeka: wakiinuka, wakishuka, wakigeuka. Hakisemi tendo limeanza lini wala litakwisha lini. Sentensi yenye -ki- peke yake huacha msikilizaji akingoja kishazi kikuu, na katika picha hii kishazi kikuu hakipo. Ng'ambo ya maji hapana ufuko. Wasafiri wakiondoka, na chombo kikingoja, basi. Ninaamini kwamba huzuni ambayo vizazi vya watazamaji vimeihisi hapa, katika picha ya watu wasio na dhiki yoyote ionekanayo, imetokana na kukosekana kwa kishazi hicho, wala si kwa sababu tumegundua kwamba tafrija imekwisha.

Wako wenzetu watakaosema kwamba haya yote ni kucheza na viambishi ilhali jambo lenyewe li wazi: hii ni picha ya mabwanyenye wavivu, iliyochorwa kwa ajili ya mabwanyenye, na kazi ya mhakiki ni kulitaja tabaka hilo na kuendelea na mengine. Uhakiki wa namna hiyo una historia ndefu kuliko tunavyodhani. Inasimuliwa kwamba wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa wanafunzi wa shule ya David waliokuja kuchora Louvre waliitupia picha hii vidonge vya mkate, mkate waliokuwa wakitumia kufutia makaa, hata mtunzaji akaona heri kuiondoa na kuificha. Siwacheki vijana wale. Walikuwa na njaa ya sanaa nyingine, na nchi yao ilikuwa imewaka moto. Lakini kidonge cha mkate hakiwezi kutofautisha picha njema na mbaya, hupiga popote. Kwa miaka mingi baadaye, hadi La Caze alipouachia Louvre mkusanyiko wake mwaka 1869, hii ndiyo iliyokuwa picha pekee ya Watteau katika jumba hilo.

Hoja ya tabaka ikitakiwa, basi isemwe kwa ukamilifu. Watteau alikaribishwa kuishi na kufanya kazi katika nyumba ya Pierre Crozat, tajiri wa fedha mwenye hazina kubwa ya michoro ya Kiitalia. Antoine Crozat, ndugu yake, alipewa na mfalme mwaka 1712 ukiritimba wa biashara ya Louisiana, na alikuwa na sehemu katika kampuni ya Guinea iliyosafirisha watumwa kutoka Afrika. Fedha za ukoo huo hazikuota mitini kama waridi za Venus. Katika picha nyingine ya Watteau, Les Charmes de la vie, iliyoko London katika mkusanyiko wa Wallace, kijana Mwafrika ameinama pembeni akishughulikia chombo cha kupozea mvinyo huku wakubwa wakisikiliza muziki. Na Louvre ina michoro yake ya chaki ya kichwa cha kijana Mwafrika, iliyochorwa kwa uangalifu ule ule aliowapa mabibi wa hariri. Katika Cythera kijana huyo hayupo. Hakuna mtumishi hata mmoja. Wanaofanya kazi ni wale wapiga makasia wawili tu, nao wamefanywa watu wa visasili, bila mavazi ya zama zao, ili tusiulize wanalipwa nini. Kufuta huko ni sehemu ya maana ya picha, na mhakiki asiyekuona amesoma nusu. Lakini ukweli huo wa Crozat hautuelezi kwa nini mwana wa mwezekaji wa mapaa, aliyepewa uhuru wa kuchagua mada, alimweka kileleni mwanamke anayesita. Watumishi walifutwa na wachoraji wengi. Aliyesita aliwekwa na mmoja.

Jambo hili latuleta kwenye tafsiri tuliyoiahirisha. Neno galant katika Kifaransa cha wakati ule lilibeba adabu, hasa adabu ya mwanamume mbele ya wanawake, pamoja na mahaba na furaha ya kujitafutia. Kiswahili kina 'uungwana'. Neno hili lina adabu, lina ulaini wa kauli, lina haya. Lakini mizizi yake iko kwingine. Mwungwana kwanza alikuwa mtu huru, asiye mtumwa, na tabia njema alihesabiwa nayo kwa sababu ya hali hiyo. Kamusi zetu huanza na maana moja na kumalizia na nyingine, na katika nafasi iliyo baina yake imekaa historia nzima ya pwani. Ukiandika 'tafrija ya kiungwana' chini ya picha ya Watteau, umesema jambo ambalo Kifaransa cha karani hakikulisema: kwamba uhuru wa watu hawa ulikuwa na upande wake wa pili. Mfasiri mwangalifu angeweza kulalamika kwamba neno limezidi asili. Mimi ningeliacha. Ni nadra neno letu kuona mbali kuliko la wenyewe, na likiona tusilipofue.

Kuhusu jina lililofutwa nina msimamo tofauti. 'Hija' haifai, japo ndiyo inayokuja kwanza mdomoni. Hija ina mahali pamoja, wakati wake maalumu na nguzo zake, na anayekwenda hana shaka anakoelekea. Wala sioni sababu ya kulitia neno la ibada katika mzaha wa watu wa Paris. 'Ziara' inafaa zaidi. Twazuru makaburi, twazuru wazee, twazuru wagonjwa. Ziara ni kwenda, kukaa kitambo na kurudi, vyote katika neno moja, na mzungumzaji haulizwi yuko katika sehemu gani ya safari. Hivyo ningependekeza picha hii iitwe kwa Kiswahili Ziara ya Cythera, kwa kihusishi cha -a kile kile cha basi la Kisumu, na kwamba walimu wanaoifundisha waandike ubaoni majina yote mawili ya kitabu cha Akademia, la kwanza likiwa limepigwa mstari kama karani alivyoliacha.